Mbao Sitini na Mbili za Daraja la Kuja

Harufu ya chuma kilicholowa mvua hunirudisha pale pale, kwenye daraja la zamani la mto Kuja. Lilikuwepo kabla bibi yangu, tuliyemwita Dani, hajazaliwa, na kwake hiyo ilikuwa sababu ya kuliheshimu na vilevile ya kutoliamini. Sheria yake ilikuwa moja: mtoto akivuka, agonge kila ubao kwa fimbo na kuuhesabu, akirudi, ahesabu tena. Mali bila daftari huisha bila habari, na daraja lilikuwa mali yetu sote.

Masika yale nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi, tukienda sokoni, mbao zilikuwa sitini na mbili. Mchana, tukirudi, mto ulikuwa umepanda, majani yaliyosombwa yametandazwa juu ya mbao kama mkeka. Nilipofika arobaini, fimbo haikugonga kitu; ilizama. Nikaruka pengo, Dani akalivuka nyuma yangu, nikamaliza: sitini na moja. Fundi wa baiskeli aliyekaa mwisho wa daraja akacheka, akamwambia Dani:

“Mama, huyu amechoka. Sitini na moja, sitini na mbili, si ni yale yale?”

“Basi vuka wewe,” Dani akamjibu. “Ukifika kwenye pengo, utatuambia.”

Fundi akakumbuka ana gurudumu la kuziba.

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu ng'ambo, akitoka ziwani Karungu na beseni la omena, wale dagaa wadogo, kichwani, tayari yuko juu ya daraja. Mwenye mzigo kichwani haoni miguu yake. Nikaita, mto ukameza sauti. Nikakipiga chuma cha ukingo kwa fimbo kwa nguvu zangu zote, daraja zima likalia kama kengele. Mama akasimama, mbao mbili kabla ya pengo, nami nikamkimbilia hadi upande wangu wa pengo.

“Kuna nini?”

“Imepungua moja!”

Akashika beseni. “Omena?”

“Mbao, Mama! Mbao!”

Dani aliketi chini kwenye matope, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akashusha pumzi ndefu.

Ubao tuliukuta sokoni, umekaliwa na muuza ndizi. “Nimeuazima tu, matope yamezidi,” akasema. Dani alitaka urudishwe na mkungu mzima juu yake. Mwenye ndizi akaapa hatatoa zaidi ya nusu. Tulikula ndizi wiki nzima, kwa hiyo mnajua nani alishinda.

Sasa magari hupita daraja la zege lililo kando, na jengo la kwanza la ghorofa mjini, ambalo tulilitazama hadi shingo zikauma, limezibwa na marefu zaidi. Nilisikia daraja letu litauzwa kama chuma chakavu, nikakosa usingizi. Juzi niliambiwa limeachiwa waendao kwa miguu. Sikuamini maneno, nilikwenda mwenyewe na fimbo. Kwenda, sitini na mbili. Kurudi, sitini na mbili. Ndipo nikaenda nyumbani.