Jina la Mheshimiwa kwenye Silikoni

Watu husema hasira hasara. Kwangu mimi hasara ndiyo ilianza, na mpaka leo nikipita kwa fundi wa mihuri pale Voi, mori hunipanda.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili, na kazi yangu ilikuwa kuotesha mirija ya kaboni, myembamba mno, unywele kwake ni gogo. Unachukua kipande cha silikoni kinachong'aa, unakipiga muhuri uliochovywa kwenye wino wenye chembechembe za chuma. Kisha unakitia kwenye tanuri na kupitisha gesi. Palipo na chuma, kaboni huota wima, nyeusi, kama nyasi baada ya mvua. Pasipo na chuma hapaoti kitu. Muhuri wangu ulikuwa wa vidoti. Mtungi ulikuwa umebakisha gesi ya kuchoma mara moja tu, na bila kuotesha vile vidoti nisingehitimu mwaka huo.

Basi msimamizi wangu akaja na muhuri wake, umechongwa kwa yule fundi wa mjini, una jina la mheshimiwa aliyekuwa anakuja kutuzindulia maabara. Ati tulioteshe jina hilo kwa kaboni, apewe zawadi. Nikamweleza habari ya gesi. Akanijibu mgeni njoo, mwenyeji apone. Mheshimiwa akifurahi, mitungi itakuja yenyewe. Kwani mheshimiwa anauza gesi? Lakini yeye ndiye angetia sahihi kazi yangu, kwa hivyo nikapiga muhuri wake, nikawasha tanuri. Na jina likaota vizuri, kila herufi imesimama. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mheshimiwa alifika amechelewa, tumekauka kwa jua la Voi. Akapewa kile kipande, akakigeuzageuza, akasema hasomi kitu, kimeingia masizi. Kabla sijafungua mdomo, akakisugua kwa kidole gumba, akikisafisha. Jina lake lote likabaki kidoleni. Akatoa kitambaa, akajipangusa, akaniuliza kwa upole kama hiyo kitu itatoka.

"Ukiosha itatoka," nikamwambia. "Lakini hiyo ndiyo ilikuwa gesi ya masomo yangu, mheshimiwa, na mtungi umekwisha."

Msimamizi wangu akaanza haraka kupiga makofi, kuyafunika maneno yangu, na maabara nzima ikafuata.