Nyanya Alivyomshtaki Mwalimu kwa Kuharibu Hadithi

Siku nyanya alipokwenda kumshtaki mwalimu wetu, alivaa viatu. Nikajua mambo yameiva, maana viatu vile vilikuwa vya kanisani na mazishini tu.

Mwalimu huyo ndiye aliyetunga kitabu ambacho watoto wa Kisumu walikigombania miaka ile ya themanini. Mimi nilikuwa darasani mwake, safu ya mbele kabisa, na nilivyoringa ungedhani nimemzaa. Jioni moja nikamsomea nyanya kitabu chenyewe. Mama anakwenda kuteka maji, ziwa linammeza. Binti yake anaimba ufuoni mpaka ziwa linamtapika mama mzima, ndoo kichwani. Nyanya hakucheka.

"Hii hadithi ni yangu," alisema. "Alisikia kwangu akiwa msichana, wakilala kwa nyumba yangu na mamako. Na ameharibu mwisho. Kwangu huyo mama harudi."

Asubuhi tukaondoka kwetu Dunga, kando ya ziwa, kwenda shuleni, nyanya mbele. Wachuuzi wa samaki wakaacha omena juani wakamfuata bila kuuliza sana. Uvumi nao ukanenepa njiani: mwanzoni mwalimu alikuwa ameiba hadithi, tulipofika langoni alikuwa amemuuza nyanya mwenyewe kwa Wazungu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na huku naogopa. Tangu mama afariki nilikuwa na hao wawili tu, na niliona wazi kwamba leo nitaambiwa nichague mmoja.

Mwalimu mkuu akatuingiza sote darasani, mwalimu wetu pia, akaamua hadithi zote mbili zisimuliwe, watu wasikie tofauti. Wanawake wakaguna. Hadithi mchana? Kwetu anayesimulia hadithi mchana anaita msiba nyumbani. Mzee wa watu, amechoka, akaamuru madirisha ya mbao yafungwe, na mlango pia. Giza likatumeza pamoja na harufu ya samaki. Mtu akamkalia mwenzake, darasa zima likaangua kicheko.

"Sasa ni usiku," mwalimu mkuu alisema. "Mama, endelea."

Nyanya akaanza. Alipofika pale mama anapoinama na ndoo, akanyamaza.

"Mama," mwalimu wetu akasema gizani, "mwisho yako ndiyo ya kweli. Lakini huyu mtoto anaketi mbele yangu kila siku. Ningemsomea aje kwamba harudi?"

Nilijua ananisema mimi.

"Tangu tumzike mamake," nyanya akasema taratibu, "mimi sijawahi maliza hii hadithi. Nikifika hapo sauti inapotea." Akapenga kamasi. "Haya, sema hiyo yako."

Gizani kitabu hakisomeki, kwa hiyo mwalimu aliisema bila kitabu. Ziwa lilipomtapika mama, nyanya ndiye aliyepiga kigelegele, kirefu, mpaka darasa la jirani wakatoka nje kuuliza ni nani ameolewa.