Mchezo Uliojua Kungoja

Vijana wa ukoo wetu hunicheka mpaka leo. Wao hulipia michezo yao ya kompyuta kila mwezi na kupigana na watu wa nchi za mbali wasiowahi kuwaona sura. Nikiwaambia kwamba mchezo bora niliowahi kuucheza ulikuwa wa watu watatu na kiti kimoja, Msambweni, wanatazamana kama kwamba nimeanza kupotewa na akili. Sijapotewa na chochote. Ninajua ninalolisema, wala silirudishi.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa msichana wa nyumbani, ninangoja. Ninangoja nini, hakuna aliyeniambia, ila kila mgeni aliyekuja kwetu alinikagua kutoka kichwani mpaka miguuni kisha akaenda kunong'ona na mama. Mchana nilimsaidia mjomba katika duka lake la kupiga chapa, karibu na hospitali, watu walikokuja kuchapishiwa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Kompyuta yake aliinunua kwa mzungu mmoja aliyefunga ofisi yake ya kufundisha watalii kupiga mbizi kule Diani, na mzungu yule alisahau sidi ya mchezo ndani ya mashine. Tulipoifungua tukakuta ngome, wachawi na mazimwi.

Kila mchezaji alikuwa na ngome yake. Unacheza siku yako: unachimba dhahabu, unaandika askari, unapitisha jeshi lako msituni. Ukimaliza unabonyeza "mwisho wa siku", unainuka, mwenzako anakaa. Mjomba alichukua wapanda farasi wa mfalme, maana alipenda mambo ya heshima. Mimi nilichukua wapiga mishale wa msituni. Wa tatu alikuwa mama aliyeuza viazi vya karai mlangoni petu, naye akaachiwa jeshi la mifupa ya wafu kwa kuwa ndilo lililobaki. Siku ya kwanza alijikinga kwa audhubillahi. Siku ya pili alikuwa akiwaita "wanangu" na kuwaonea uchungu wakipigwa.

Mchezo wenyewe ulitaka kila mmoja ageuze uso mwenzake akicheza, ili siri ya jeshi isivuje. Hilo halikuwezekana kwetu. Tulisimama nyuma ya kiti tukikosoa, tukicheka na kushauri vibaya makusudi, vilevile wafanyavyo watazamaji wa bao. Hata adhana tuliipokea kama wachezaji wa bao. Saa yetu ilikuwa baada ya alasiri, wateja wakishapungua. Ikiadhiniwa magharibi, aliyekuwa kitini alifunika kioo kwa leso na sote tukaondoka. Wachezaji wa bao huacha kete zilipo, na anayezigusa amejivunjia heshima mbele ya mtaa mzima.

Niliipenda saa ile kupita kiasi. Nyumbani niliambiwa nipunguze sauti, niache kujibizana, nijifunze utulivu. Kwenye kiti kile niliamuru majeshi, na mwanamume wa makamo alikuna kichwa akijiuliza nitapitia wapi. Sikuwa na mahali pengine popote pa kuwa hivyo.

Ndipo akaja kijana mmoja wa bara, mtoto wa wakulima wa mashamba ya skimu waliyogawiwa na serikali, aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli ya Diani.

"Sasa mzee," alimsalimu mjomba, nami nikasikia mama wa viazi akiguna. "Hii game yenu ni ya kitambo sana. Huko nje watu ni maelfu, wanacheza live kwa intaneti, usiku na mchana."

Rafiki yake mtalii alikuwa akimlipia mchezo huo kila mwezi. Lakini rafiki huyo alikuwa amerudi kwao na kompyuta yake, hivyo alichokosa kijana ni kompyuta na laini ya simu, na gharama ya simu alisema ataibeba mwenyewe. Lakini jina lilikuwa moja, neno la siri moja, na mpiganaji mmoja. Zamu hazikuwepo. Mjomba alikubali ajaribu, na saa iliyokuwa tupu ilikuwa moja tu, ile yetu.

Siku hiyo kijana alimwachia mjomba amwongoze mpiganaji wake, mtu wa deraya iliyong'aa aliyemlea kwa miezi, kisha akatoka kununua soda. Ikaadhiniwa magharibi. Mjomba alifunika kioo kwa leso na kwenda msikitini, nasi tukaenda kuswali. Tuliporudi tulimkuta kijana ameshika kichwa. Mpiganaji alikuwa amelala chini kwenye kioo, amekufa, amevuliwa kila kitu na mchezaji wa mbali.

"Nani ameacha hii game peke yake?"

"Tumeiacha kwa adhana," mjomba alijibu. "Kwani hao wenzako hawawezi kumngoja mtu rakaa tatu?"

"Mzee, hao hawakujui! Haisimami hiyo!"

Nilifurahi, sifichi. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe mjomba alikuwa amepandwa na hasira za mtu aliyeibiwa. Aliapa kumtafuta mwizi yule. Kutoka hapo ikawa kila alasiri yeye na kijana wamebanana mbele ya kioo, simu inalia kilio chake cha kuunganisha, nasi wawili tumesimama nyuma bila zamu. Vita vyetu vililala ndani ya mashine. Ngome ya mjomba ilikuwa wazi, haina mlinzi, na siku iliyokuwa inachezwa ilikuwa yake.

"Asubuhi hayupo," mama wa viazi alininong'oneza. "Mbonyezee mwisho wa siku, umwingilie. Nani atajua?"

"Ningejua mimi."

Alasiri moja niliwahi kufika. Nilichomoa waya wa simu, nikatia sidi, nikakaa. Mjomba akaingia, kijana nyuma yake.

"Ondoka kitini, mwanangu. Wenzetu wanatungoja."

"Hawatungoji, mjomba. Hao hawajui kungoja."

"Mtoe tu, mzee," kijana alicheka.

Mama wa viazi aliacha karai lake akasimama mlangoni na upawa mkononi. "Mtoe uone."

Sikuwahi kumkatalia mjomba neno. Siku hiyo sikuinuka.

"Saa hii ni yetu watatu," nilimwambia. "Mwizi wako mtafute saa nyingine. Ama ucheze siku yako sasa hivi, ama uniambie niimalize."

"Imalize," alisema kwa ukali.

Nilibonyeza. Nikawapitisha wapiga mishale wangu darajani, taratibu, bila haraka hata kidogo. Mjomba alitoka mlangoni akaja kwenye benchi la wateja, kisha akasimama nyuma ya bega langu.

"Usipite hapo," alisema. Nikapita. Bendera yake ikashuka, yangu ikapanda.

"Umenitekea ngome yangu!"

"Naam, mjomba. Ningeweza asubuhi yoyote ulipokuwa hupo. Nilikungoja uje uone."

Mjomba aliinama akahesabu bendera kwenye kioo. Akamwambia kijana akatafute laini nyingine, kisha akanigusa bega nisogee, akae ajue ni farasi gani waliobaki wa kuchezea zamu yake ijayo.