Jeneza la Plaiwudi

Kaka yangu alipohamia Mwanza alituachia sanduku la bati lililojaa DVD. Kila alichowahi kurekodi kilikuwa humo: video za kwaya, video za vijana wa hapa kwetu Hombolo waliotaka kuwa wanamuziki, na filamu fupi tano alizozitunga mwenyewe. Juu ya kila kava aliandika kwa kalamu nene neno "Dairekta", kisha jina lake, utadhani kuna mwingine pale kijijini angegombea sifa hizo. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunawasha deki na kuziangalia. Kwaya inaimba kando ya bwawa, sare za zambarau, kila mtu anayumba upande wake. Kwaya nyingine iko Mtumba, kwenye mji wa serikali, mbele ya jengo la wizara, na mwishoni mlinzi anaingia kwenye picha akiwafukuza. Kaka hakumkata kwenye video. Alisema mlinzi ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote.

Mimi nilizipenda zote isipokuwa moja.

Filamu hiyo ilihitaji maiti. Kaka alizunguka kijiji kizima akitafuta mtu wa kulala kwenye jeneza, akaahidi soda na pilau, na watu wakamfukuza kama mbwa mwizi. Kwetu mtu haigizi kifo. Ni uchuro. Mdomo huumba, sembuse mwili mzima? Basi mama, ambaye hakuwahi kumnyima kaka kitu, akasema atalala yeye. Jeneza kaka alilitengeneza kwa plaiwudi, akalipaka rangi ya kahawia. "Lala kidogo tu, mama," alimwambia. "Usipumue sana."

Mimi nilikuwa binti mfiwa. Nilifungwa khanga mbili na kuambiwa nilie. Machozi yaligoma, mpaka kifuniko kilipowekwa na kaka akaanza kugonga nyundo ubavuni ili misumari isikike. Hapo nilipiga yowe ambalo sikujua kuwa ninalo, nikatimua mbio hadi kwenye mashamba ya zabibu, na sikurudi mpaka nilipomsikia mama mwenyewe akiniita nikale. Wanaoiona filamu hiyo husema nilicheza vizuri. Sikuwa ninacheza. Tangu siku hiyo, ikiwekwa, nikisikia nyundo tu natoka nje kuangalia kuku.

Mwaka huu tumbo la mama likaanza kuvimba. Hospitalini, mjini, wakasema kuna uvimbe na lazima utolewe. Daktari, kijana mpole sana, akamwambia, "Tutakulaza kidogo tu, mama." Maneno yaleyale! Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba jambo tulilolianza na plaiwudi linakuja kumaliziwa. Mama akijinyoosha mkekani mchana, mikono kifuani, nilimwita kwa sababu za kijinga. Mama, chumvi iko wapi? Mama, umewasikia mbuzi? Maskini alikuwa akiamka kila mara kunijibu.

Siku moja kabla ya safari ya kwenda kulazwa, mama alikuwa kanisani akiombewa. Nilifungua sanduku, nikaitoa DVD ile, nikaivunja, vipande nikavitupa kwenye choo cha shimo. Nilijua hakuna nyingine, maana kompyuta ya kaka ilikufa kabla hajahama. Nikanawa mikono. Niliona nimemwokoa mama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nikasikia njaa.

Jioni akaja shangazi, dada yake baba, kumuaga wifi yake. Nilimwamkia, nikamletea chai. Ndipo mama akasema, "Mwanangu, washa deki. Weka ile ya mazishi."

"Ya nini leo, mama?"

"Nataka nione nilivyoamka."

Sikumwelewa. Shangazi akanishangaa. "Kwani hukuwepo? Ah, wewe ulikimbilia kwenye zabibu. Mimi nilimkataza kaka yako asizime kamera. Nikamwambia, umemlaza mtu aliye hai, sasa mwamshe, na mashine yako hiyohiyo imwone anaamka. La sivyo umemwacha humo. Iko mwisho kabisa, baada ya majina."

Miaka yote hiyo sikuwahi kufika kwenye majina.

Nilijifanya natafuta. Nilitoa kava moja moja, nikazisoma kana kwamba sizijui. Mama aliniangalia. "Umeifanya nini?" akauliza. Nikasema yote, hata choo nikakitaja.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Basi umemwacha mama yako ndani," akasema.

Mama aliomba aongezewe chai, kisha hakuinywa.

Nilimpigia kaka. Akasema hana nakala, akasema ile ni filamu tu na plaiwudi ni plaiwudi, nisijichurie kwa mambo ya wazee. Kisha akauliza operesheni ni saa ngapi. Baada ya dakika moja akauliza tena.

Siku ya operesheni walimwingiza chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi nimeshika kandambili zake, na kila mlango ulipojibamiza nilisikia nyundo. Nilisali, na katikati ya sala nikajikuta naahidi kwamba nitaingia chooni mwenyewe kuokota vipande. Niliogopa namna ambayo sijawahi kuogopa. Walipomtoa alikuwa amefumba macho, shuka imefika kidevuni. Muuguzi akasema anaendelea vizuri, amesinzia tu. Nilimwamini nusu. Saa kumi mama akafumbua macho, akaomba maji, akalala tena.

Kesho yake muuguzi akaja kumsimamisha. Mama akamshika mkono, akamwomba asubiri, akanigeukia mimi.

"Simu yako ina chaji?"

"Ipo, mama."

"Washa kamera."

Nilisimama miguuni pa kitanda. Alipoinua kichwa alikunja uso kwa maumivu, jasho likamtoka, na nikasikia miguu yangu yenyewe ikiutafuta mlango. Mama akaiona.

"Safari hii usikimbie," akasema. "Usizime mpaka nisimame."

Video hiyo ni ya dakika mbili, na sasa iko kwenye flashi ndani ya lile sanduku la bati. Nilimrushia kaka kwa simu, akasema imetikisika mno na sehemu kubwa inaonyesha sakafu. Ni kweli. Lakini ukivumilia hadi mwisho unamwona mama amesimama, ameshika chuma cha kitanda, anauliza kandambili zake ziko wapi, na mimi nasikika nalia hata nashindwa kumjibu kwamba nimezibana kwapani.