Mbishi wa Melini

Kwetu mtu akikuuliza wewe ni nani, haulizi jina. Jina hata mbuzi wangu wanalo. Anauliza baba yako nani, na baba wa baba yako, na baba wa huyo, mpaka mate yakukauke. Hiyo ndiyo abtirsi, kuhesabu mababu, na mtoto anayefika umri wa kuchunga mbuzi bila kuijua ni aibu ya mama yake. Mimi darasani nilikaa muda mfupi kuliko mvua ya Garissa, lakini mababu zangu nawataja bila kupumua. Wa marehemu mume wangu pia nawataja, ingawa wamo wawili watatu ambao ningewaruka kama ningeruhusiwa.

Sasa mjukuu wangu, ambaye nimemlea kwa maziwa ya ngamia niliyouza sokoni mpaka akawa nesi, wa kwanza katika ukoo mzima, akaniletea mwanamume. Mmarekani. Anachimba visima upande wa Habaswein, na alisilimu kabla hajamwona mjukuu wangu. Hilo nililiuliza mara mbili, maana wapo wanaosilimu kwa ajili ya macho ya msichana. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

Nikamketisha mkekani.

"Baba yako nani?"

Akamtaja.

"Babu?"

Akamtaja.

"Baba wa babu?"

Akamtaja polepole, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza.

"Haya, wa nne."

Akatazama juu, kwenye mabati. "Sijui, ayeeyo." Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali, hilo alishafundishwa.

"Hujui! Sasa huko kwenu mnajuaje kama hamuoi dada zenu?"

Mjukuu wangu akajifunika uso kwa mtandio. "Ayeeyo, jamani!"

"Si nimeuliza tu?"

Mwanangu, baba wa msichana, alikuwa amesema yeye hana neno, wazee wakikubali amekubali. Wazee maana yake ni shemeji yangu wa Habaswein, ndugu wa marehemu, mtu ambaye hajawahi kukubali jambo kabla ya kulikataa kwanza. Akikataa, hakuna nikaha. Na mjukuu wangu aliniambia jikoni, macho makavu: "Huyu akikataliwa, ayeeyo, msiniletee mwingine." Kichwa hicho kigumu najua alikokitoa. Basi nikamwambia yule kijana, "Nenda ukawatafute. Nataka saba."

Kumbe nao wana mababu, ila hawako kichwani, wako kwenye karatasi. Akawa anawatafuta kwenye kompyuta, na kila Ijumaa baada ya swala anakuja kunywa chai na kuniambia amefika wapi. Watu wake walitoka nchi inaitwa Ayalandi, wakapanda meli kwenda Amerika kwa sababu ya viazi.

"Kwa sababu ya nini?"

"Viazi viliugua, ayeeyo. Vikaoza vyote shambani. Watu wakafa kwa njaa."

Nilikuwa nimeanza kucheka, nikaacha. Sisi ng'ombe wakifa tunahama. Wao vilikufa viazi, wakahama. Nikamwongezea sukari.

Lakini aliposema anawatafuta kwenye karatasi za sensa, nilimcheka. Sensa naijua. Mtu wa sensa akija kuniuliza nina ngamia wangapi, namjibu, "Alhamdulillahi." Nani anamhesabia mgeni ngamia wake, apate kuwapiga jicho? Akaniambia kwao yuko bibi mmoja ambaye kati ya sensa na sensa ilipita miaka kumi, yeye akaongeza umri miaka sita.

"Huyo ni mwanamke," nikasema. "Huyo ni wetu."

Na jina la ukoo kila karani ameliandika kivyake. Yeye anaona ajabu! Nikamtolea kitambulisho changu: nimezaliwa tarehe mosi Januari. Nikamwita jirani alete chake: tarehe mosi Januari. Mtaa huu karibu sote tumezaliwa siku hiyo. "Mama zetu," nikamwambia, "siku ile walikuwa na kazi. Karani anaandika anachosikia, na akichoka kusikia anaandika anachotaka."

Wa nne akapatikana, na wa tano. Wa sita akampata kwenye orodha ya abiria wa meli yenyewe, jina, umri na kazi. Siku hiyo haikuwa Ijumaa. Alikuja mbio, jasho linamtoka.

"Ayeeyo, alikuwa mpishi!"

"Mbishi?"

"Ndiyo! Imeandikwa!"

Mashaallah! Kwetu mbishi si mtu mdogo. Mwanamume anayejua kubishana ndiye anayewekwa mbele watu wakigombania kisima. Asiyejua anaachwa nyuma na watoto na mizigo. Na huyu mpaka meli imeandika kwamba kazi yake ni ubishi! Nikatangaza. Sokoni nilisema, msikitini upande wa wanawake nilisema, kwenye arusi ya watu nilisema nao wanataka kusikia ngoma. Shemeji nilimpigia simu, nikamwambia kwa Kisomali safi kwamba kijana anatoka ukoo wa wabishi.

"Walibishana na nani?"

"Na kila mtu. Hata baharini!"

Akakata simu bila kusema neno baya. Kwake hiyo ni heshima.

Wa saba akakosekana. Huko Ayalandi, jumba lililokuwa na karatasi nyingi za zamani liliteketea.

"Weka mtu yeyote," nikamwambia. "Nani atakwenda kuuliza?"

"Siwezi, ayeeyo."

"Nitakupa mmoja wangu. Ninao wengi."

"Na yule wa kweli nitamwambia nini?"

"Amekufa!"

"Hata kama."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Moyoni nikasema, eh, damu ya melini hiyo.

Wazee wakaja kutoka Habaswein, wakajaza sebule. Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya pazia. Mimi nilikaa mlangoni. Kwa umri wangu hakuna tena wa kunipeleka nyuma ya pazia. Kijana akawataja mababu zake, mmoja mmoja, bila kukwama, mpaka wa sita. Shemeji akajiweka vizuri.

"Huyo wa sita ndiye mbishi tuliyesikia habari zake. Tuambie, ubishi wake ulikuwa juu ya nini?"

Kijana akanitazama. "Ubishi, adeer?" Adeer ni ami, na hilo pia alishafundishwa.

"Si alikuwa mbishi?"

"Mpishi, adeer. Alikuwa anapika." Akazungusha mkono kama anayekoroga sufuria.

Mimi ulimi wangu na herufi p hawajuani. Punda namwita bunda, na Garissa nzima imenizoea. Lakini wallahi sikujua kwamba na sikio nalo ni hivyo hivyo.

Shemeji akanigeukia taratibu. "Mke wa ndugu yangu. Huyu mbishi wako alikuwa anabishana na sufuria?"

Wazee wakapasuka. Mmoja alicheka mpaka kofia ikamwangukia kwenye chai. Ningeomba ardhi inimeze, lakini nilishamwaga saruji.

Shemeji peke yake hakucheka sana. "Na wa saba?"

Nyuma ya pazia bangili zikanyamaza. Nikamkonyeza kijana kwa nguvu zote, jicho likauma.

"Wa saba simjui, adeer."

"Huyu mama hakukupa mmoja?"

"Alinipa. Nikakataa."

"Ukakataa kwa nini?"

"Hakuwa wangu."

Shemeji akashika ndevu zake nyekundu za hina. "Akakuacha ukakataa?"

"Hapana. Tulibishana mpaka chai ikapoa."

"Ukamshinda?"

Kijana akafikiri. Angalau alifikiri. "Ndiyo, adeer."

Shemeji akawageukia wenzake, akasema kwa Kisomali, "Mimi huyu mwanamke sijamshinda tangu aolewe na ndugu yangu." Kisha kwa Kiswahili, ili mgeni asikie: "Sita wa kweli wanatosha. Tumekubali. Ila chakula cha arusi utapika wewe mwenyewe. Tuone hizo karatasi zinasema kweli au zinasema uongo."

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka kikavunjika. Baadaye niliambiwa ni birika langu la maua, na hakuna aliyeomba msamaha.

Siku ya arusi akafunga shuka kiunoni akapika pilau la mbuzi, wanawake wote wa mtaa wamemzunguka wanampa ushauri, naye anabishana na kila mmoja. Karatasi zilisema uongo. Wali ulikuwa umeungua chini na mbichi juu, na nyama ilikuwa kama kamba ya kufungia ngamia. Mjukuu wangu alikula kijiko kimoja, akamtazama mumewe, akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Shemeji hakula. Aliweka sahani yake chini, akakunja mikono, akanikazia macho mimi.

Nikala. Nikamaliza sahani nzima, nikaramba vidole, nikanyanyua mkono na kuomba ya pili.