Gome Lililotangazwa Redioni

Kila asubuhi, kabla hata hajavaa koti la kazi, Bi Majani aliyasalimia magome yaliyotandazwa kwenye chanja. "Mmeamkaje, wakaidi?" Kisha akayageuza moja moja ili yakauke vizuri. Jina hilo la Bi Majani alipachikwa na wenzake wa maabara. Kazi yake ilikuwa kukausha na kusaga mimea ya porini, wasomi wakatafute humo dawa ya saratani.

Mdogo wake alikuwa na saratani ya titi. Dripu za hospitali zilimpukutisha nywele zote, lakini uvimbe ulikuwa unanywea. Ndipo Daktari, mkuu wa maabara, alipohojiwa redioni. "Tumepata gome linaloua saratani," akasema, na jina la mti akalitaja. Kwamba limeua chembe chache tu za saratani ndani ya kisahani cha kioo, hilo alilimeza.

Jioni Bi Majani alimkuta mdogo wake jikoni, sufuria ya gome lile inatokota, nyumba nzima inanuka kama kazini kwake.

"Dada, dawa unaishika kila siku, mimi unaninyima? Mtoto wa mama yako?"

"Hiyo si dawa, mdogo wangu. Bado wanaijaribu."

"Bosi wako kasema imeua. Hospitali sirudi ng'o! Wewe msaga majani, yeye daktari. Nimsikilize nani?"

Bi Majani alibembeleza, akafoka, akalia. Sikio la kufa halisikii dawa. Maneno hayo yalimfika ulimini, akaung'ata ulimi.

Kulipokucha alimvaa Daktari mbele ya watu.

"Rudi redioni useme bado!"

"Punguza jazba, Bi Majani. Wafadhili wamefurahi mno."

"Ndugu yangu kaacha matibabu!"

"Mimi sikumwambia aache."

"Si wewe uliyetufundisha kwamba hata dawa ya kuoshea choo ukiimwaga kisahanini, chembe zinakufa? Mbona hukuwaambia watu wainywe?"

Mtu mmoja alipasuka kicheko, akajiziba mdomo. Daktari akatazama saa yake. "Nenda kasage. Mzigo wa jana unakusubiri."

Kasage! Bi Majani alihisi damu inamchemka mpaka masikioni. Alivua koti, akaliachia sakafuni hapohapo, akatoka.

"Mbona mapema, mama?" mlinzi akamuuliza getini.

"Naenda redioni. Wakinifungia mlango, nitapiga kelele nje."

Pale maabara hakukanyaga tena.