Bi Gramu na Mioyo Themanini na Minne

Mama mkwe wangu ni mtu wa kukutia wazimu. Nalisema hili kwa heshima zote, baada ya miaka sita ya kuishi naye nyumba moja na mitatu ya kufanya naye kazi meza moja, adhabu ambayo sijui ni mke gani mwingine ameipata. Kazini wanamwita Bi Gramu. Nyumbani hupima chumvi. Ukimwambia maharage yameiva, atakuuliza yameiva saa ngapi.

Kazi yetu ni kuku. Kituo kinatafuta mahali ambapo, ndani ya vinasaba vya kuku, zimekaa sifa za kukua upesi na za viungo vya ndani. Kuku anayenenepa haraka huku moyo wake ni mdogo hufa ghafla kabla hajafika sokoni, kwa hiyo anatafutwa jogoo wa kuzaa watoto wenye mwili mkubwa na moyo wa kuumudu. Damu ya kila kuku inakwenda maabara kusomwa, mwili unakuja kwetu. Tunapasua, tunatoa ini, firigisi na moyo, tunapima kimoja kimoja na kuandika kando ya namba ya kibati cha bawani. Kisha mtafiti mkuu, tunayemwita Daktari ingawa sijamwona akitibu hata kifaranga, hulinganisha damu na uzito, na hiyo ndiyo wanayoiita ramani.

Sasa moyo wa kuku ni gramu tisa, kumi hivi, na ndani yake hubaki damu iliyoganda. Bi Gramu aliniwekea sheria: chana, kamua kwa kidole gumba, kausha kwa karatasi mara mbili, ndipo upime. Si mara moja, si tatu. Na kuku ni zaidi ya arobaini kwa siku. Nikiruka hatua anausogeza ule moyo mbele yangu bila neno, nianze upya. Wenzangu wanacheka, mimi nachemka.

Kuna wiki presha ilimpanda akalazwa siku mbili. Meza ikabaki yangu. Wakaletwa kuku themanini na wanne, wote watoto wa jogoo namba saba, maana huchinjwa kwa ukoo, baba mmoja baada ya mwingine. Maini nilipima sawasawa, firigisi nikazipasua na kuzisafisha. Mioyo niliiweka kwenye mizani kama ilivyotoka, na damu yake. Nilijiambia gramu moja haijaua mtu. Siku zote mbili, saa nane nilikuwa nyumbani nimenyoosha miguu, na sitadanganya, nilifurahi.

Miezi michache baadaye Daktari akaingia miguu haigusi chini. Watoto wa namba saba, alisema, wana mioyo mizito kuliko kuku wote, na ramani imeonyesha sehemu kamili waliyoirithi kwa baba yao. Huyo ndiye atakayezalisha vifaranga wa kupelekwa kwa wafugaji. Watu wakapiga makofi. Bi Gramu hakupiga. Alikwenda kabatini, akatoa daftari, akaangalia tarehe.

Jioni, tukiwa jikoni, aliniuliza mara moja tu kama nilikamua. Nikamwambia nilikamua. Akaendelea kumenya vitunguu.

Kesho yake alimwendea Daktari mbele yetu sote, akamwomba vipimo vya siku zile mbili visitumike. Hakusema kwa nini, wala hakunitaja. Nilitamani kumziba mdomo. Miezi minne imebaki astaafu, si angenyamaza tu? Daktari naye akaja juu. Alisema meza isiyoaminika siku mbili haiaminiki miaka mitatu, kwa hiyo atafuta kila uzito wa kiungo uliowahi kuandikwa pale na kuanza upya na wapimaji wengine. Akaongeza kwamba pengine ni umri umeanza kumchanganya mama.

Nilimtazama mama mkwe. Maelfu ya kuku wamepita mikononi mwake, na sijawahi kuona hata mmoja aliompima kwa kubahatisha. Kazi yake yote ilikuwa inakwenda jalalani, na neno la kuiokoa alikuwa nalo, tena lilikuwa moja tu, jina langu. Alisimama akikaza kamba za aproni yake. Nilimkasirikia. Mtu anayenisema kwa kijiko cha chumvi, leo ndiyo anachagua kunisitiri!

"Ni mimi, Daktari," nikasema. "Mama alikuwa hospitali. Mioyo ile sikuikamua, nilipima na damu yake."

Akauliza ni mingapi.

"Yote."

Vikafutwa vipimo vya siku zile mbili tu, na namba saba akavuliwa cheo siku hiyo hiyo. Ikaamriwa mayai mengine ya mbegu yake yaanguliwe, vifaranga wakuzwe, wapimwe tena, naye Daktari akasema awapime Bi Gramu peke yake, mimi nihamie kuosha mabanda.

"Hapana," mama mkwe akasema. "Mimi naondoka, huyu anabaki. Apime yeye."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilisubiri anifokee. Alizungumzia viatu vyangu, kwamba vimekwisha soli.

Miezi mitatu baadaye wale kuku wakaletwa. Nikapasua wa kwanza, nikachana moyo, nikaukamua, nikaukausha mara mbili, nikageuka nimwonyeshe kabla ya kuupima. Hakuwepo. Kupitia dirishani nikamwona uani, amekaa kwenye benchi, amenipa mgongo. Miaka mitatu ananichungulia begani, na siku ninayomhitaji anaota jua.

Sikumwita. Nikaupima, nikaandika gramu tisa nukta mbili, kisha nikafuta machozi kwa mkono wa koti na kumvuta kuku wa pili.